Skrubu Nane, Skrubu Sita

Alhamisi, 14 Novemba. Rwamishenye. Mvua imeanza alfajiri na mpaka alasiri hii haijakata. Sijaenda kufundisha. Nimemtumia mwalimu mkuu ujumbe kwamba tumbo linaniuma. Nimemdanganya.

Mezani kwangu kuna ngoma iliyofumuliwa.

Mnaosoma blogu hii mnaijua. Ni ile ngoma ndogo ya bendi, yenye nyuzi za chuma chini, ambayo sisi wapigaji tunaiita snea. Niliwahi kuweka picha yake hapa nikajigamba kwamba baba yangu, seremala wa Kishanda, aliinunua kwa mwanajeshi aliyekuwa akirudi kutoka Uganda baada ya vita. Ndiyo aliyonifundishia. Alipofariki miaka mitatu iliyopita ndugu zangu waligawana kibanja na mbuzi, mimi nikaomba ngoma tu. Walinicheka.

Picha ile ndiyo iliyoniletea balaa. Juzi Jumanne alikuja hapa Mzee Sosthenes kutoka Buganguzi, ambaye zamani alikuwa mtunza stoo wa parokia moja kule Muleba. Mjukuu wake alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu. Hakuzunguka. Alinieleza kwamba parokia ilikuwa na bendi, snea ikapotea stoo, mlango haukuvunjwa, na funguo alikuwa nazo yeye. Wakamtoa kazini, wakamtoa kwenye kwaya. Padre alimhurumia, hakumpeleka polisi, na huruma hiyo ndiyo iliyommaliza, maana watu walichukulia kwamba amekiri. Mpaka leo kuna wanaomwita Sosthenes wa Ngoma.

Nilikasirika sana. Nilimwekea chai na kahawa ya kutafuna kama mgeni mwingine yeyote, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Marehemu hawezi kujitetea, halafu mtu anapanda gari kutoka Muleba kuja kumwita mwizi! Nikaileta ngoma nikamwekea mapajani, aone mwenyewe.

Aliizungusha taratibu, akigusa moja moja zile skrubu ndefu zinazokaza ngozi. Alihesabu kwa Kihaya, kwa sauti ya chini. Sita. Akahesabu tena.

"Yetu ilikuwa na nane," akasema. "Nilikuwa nazipaka grisi mwenyewe kila Jumamosi. Nisamehe, waitu," akaongeza kwa Kihaya cha heshima. "Nimemsingizia marehemu."

Akaaga. Naungama hapa kwamba nilimsindikiza hadi barabarani nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

Ningeishia hapo. Lakini mimi mtu akinigusa kidole nataka nimrudishie mkono mzima. Sikutosheka na msamaha wake, nilitaka ushahidi kwamba ngoma yetu ni ya zamani kuliko bendi yao. Jioni ileile nikapiga picha kila upande nikazituma kwenye kundi la wapenzi wa ngoma kuukuu mtandaoni, nikauliza umri wake.

Leo asubuhi jibu limekuja. Fundi mmoja wa huko ng'ambo ameangalia kibati cha kiwanda, swichi ya kukazia nyuzi na vibano vinavyoshika pete za mbao. Anasema kibati cha namna hii, chenye pembe za mviringo, kilianza kutumika miaka mitano au zaidi baada ya vita vyetu na Amini. Nikamjibu haraka kwamba huenda kibati kilibadilishwa. Akakubali. Kibati huhamishwa, alisema, ndiyo maana wanunuzi wengi hudanganyika. Angalia mbao yenyewe kwa ndani. Kisha akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba ngoma ya aina hii hajawahi kuiona yenye skrubu sita. Siku zote huwa nane.

Maziwa yalifurika jikoni na sikuyaona.

Ndani ya ngoma hii kuna kitambaa cheusi. Baba alikigandisha kwa gundi ya mbao kuzunguka mwili wote, akatuambia kinapunguza mvumo. Nimebadilisha ngozi mara mbili, na mara zote mbili nilikiona, sikukigusa. Kwa nini sikukigusa? Sijui. Au labda najua.

Nilimpigia mama kwanza, yuko Kishanda, ndani ya parokia hiyohiyo ya Mzee Sosthenes. Nilimwambia tu kwamba mzee fulani alikuja kuitazama ngoma, na kwamba mafundi wanasema si ya zamani kama tulivyoambiwa. Akauliza, "Umekibandua kile kitambaa?"

Sikuwa nimetaja kitambaa.

"Kiache, mwana wange," akasema. "Wewe uko mjini. Mimi ndiye ninayesali na watu hawa kila Jumapili." Akakata simu.

Nikakibandua.

Niwaeleze vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Kila skrubu imeshikwa na kiguu cha chuma, na kila kiguu kimefungwa kwenye mbao kwa matundu mawili. Nafasi za skrubu nane hazilingani na za sita. Ukizunguka ngoma nzima, ni mbili tu zinazokutana, sita za zamani zinabaki bila kazi. Kwa hiyo anayetaka kuifanya ngoma ya nane iwe ya sita lazima azibe matundu kumi na mawili, halafu atoboe mapya. Nilipitisha kidole ndani nikihesabu viziba.

Kumi na viwili.

Ni vya mti wa msizi, vimepigwa msasa mpaka ukipitisha ukucha haukwami popote. Nje akapaka rangi, ndani akaweka kitambaa. Kazi safi kabisa. Naijua kazi ile, nimelalia vitanda vyake na kula kwenye meza zake. Nililia, na sehemu ya kilio ilikuwa ni kwa sababu kazi ilikuwa nzuri.

Halafu mambo mengine yakaanza kujipanga bila kualikwa. Baba ndiye aliyekuwa akitengeneza mabenchi ya parokia ileile, na mabenchi mabovu yalikaa stoo. Ngoma hii alituonyesha kwa mara ya kwanza nikiwa darasa la nne, miaka mingi baada ya vita. Bendi ya parokia walipomwomba awasaidie Pasaka alisema vidole vinamuuma, na jioni akaipiga nyuma ya nyumba, mgombani, huku mimi nikicheza. Nilidhani anaona haya mbele za watu.

Niwe mkweli. Nilikaa saa nzima nikiifikiria gundi. Ninayo kabatini. Kitambaa kingerudi ndani ya dakika kumi. Mzee alishahesabu, alishaomba msamaha kwa kinywa chake. Mama angeendelea kukaa kwenye benchi lake kanisani. Hakuna mtu hata mmoja duniani aliyekuwa akisubiri jibu kutoka kwangu.

Hilo ndilo lililonitisha. Kwamba mzee alishaacha kusubiri.

Nikampigia Mzee Sosthenes. Niliongea haraka haraka, nikataja matundu, viziba, kitambaa, nikarudia mara mbili kwa sababu mvua ilikuwa inapiga bati. Nikamwambia kesho namletea ngoma yake, na Jumapili nitasimama kanisani niseme, kama padre ataniruhusu.

Nilitarajia alie, au anitukane. Ningependa angenitukana.

"Ngoma wapelekee parokia, ni yao," akasema. "Na mimi usinieleze sana, mwanangu. Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikuiba. Njoo umwambie mke wangu."

Nikamuuliza kama mkewe alikuwa hamwamini.

"Sijui," akasema. "Hajawahi kuniuliza."

Nimejaribu kumpigia mama yangu tena kumwambia nitakavyofanya. Simu inaita, hapokei. Sitamlaumu. Sijui kama ataniruhusu kuingia nyumbani Krismasi.

Mkisoma haya nitakuwa nimeshafika Buganguzi. Nitakaa mbele ya mwanamke mzee ambaye miaka yote hii hajauliza, na nitamtajia jina la aliyeiba. Ndilo jina langu la pili.