Masikio, Aliyejifunza Piano Nyuma ya Ukuta wa Dobi

Mwaka umeshatimia, Baba, tangu tulipokuacha makaburini tukarudi kwenye nyumba iliyonyamaza.

Ulikuwa mpiga pasi hotelini. Chumba chenu cha dobi kilipakana na ukumbi, na kila alasiri mpiga piano alifanya mazoezi ya jazi upande wa pili. Ukuta ulipitisha sauti nene tu, zile za upande wa kushoto wa piano, ndiyo maana mkono wako wa kushoto uliijua kazi kabla ya wa kulia. Saa ya mapumziko, ukumbi ukiwa mtupu, ulikaa kwenye piano ukatafuta sauti moja moja. Ukikosea, uliguna, ukarudia. Hakuna aliyekufundisha. Wenzako wakakubatiza Masikio.

Hata wakati wa kula vidole vyako havikutulia. Mama alikutania, "Baba watoto, hiyo meza itaomba likizo."

Mpiga piano alipohama, uliomba ujaribu. Ukapiga miaka tisa. Mgeni alikuimbia wimbo wa kwao kidogo tu, nawe ukaupiga palepale, naye akafuta machozi.

Kisha akaja meneja mpya, na karatasi ya noti za muziki mkononi.

"Soma hii, mzee."

"Nipigie mara moja niisikie, nitakurudishia yote."

"Hapa hatubahatishi."

Kesho yake ulirudishwa dobi. Ukawa unanyoosha mashati ya yule aliyekalia kiti chako, na kola zake hazikuwahi kuwa na mkunjo.

Nyumbani ulisema, "Niko sawa, wanangu." Tukakuamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini. Tukakununulia kinanda kidogo. Hukukitoa hata kwenye boksi, nasi hatukuuliza. Hilo linatuuma kuliko yote.

Siku ya mazishi meneja alisimama kumsifu "mpiga piano wetu mpendwa". Mama, ambaye hajawahi kupaza sauti mbele za watu, akamwambia, "Kaa chini, mwanangu. Mume wangu amekufa mpiga pasi. Nyinyi ndio mliotaka hivyo."

Akakaa.

Unakumbukwa na mkeo. Na wanao: mwalimu, dereva na kitindamimba wako. Na dada yako mshonaji. Na mwenzako wa dobi, aliyekupokea siku uliyorudi, akakusogezea kiti bila kuuliza neno.

Hatutakusahau, Baba. Na wakubwa wa hoteli bado hatujawasamehe.