Tarehe Chini ya Fremu

3 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima na karakana yako haikosi kazi. Sisi hatujambo, ila vidole vya mama yako vimeanza kukakamaa. Daktari anasema apige piano sasa, vingali vinamtii. Lakini piano yenyewe inavuma kama nyuki ndani ya debe. Ubao wa sauti umepasuka tena, karibu na pale ulipoziba miaka sita iliyopita. Nilikuambia siku ile kwamba hukuukausha. Ukabeba vifaa vyako ukaondoka. Fundi mwingine wa kumwamini simwoni. Naituma kwa lori. Usidhani naomba radhi.

Baba yako

19 Machi

Shikamoo Baba,

Huku sote wazima. Mpe Mama pole.

Nimelegeza nyuzi zote na kuinyanyua fremu ya chuma, ambayo mara ile sikuigusa. Vipande vya mbao nilivyozibia ufa mara ile vimeshika imara. Kilichoachia ni cha zamani, kilichojificha chini ya fremu. Kando yake pana tarehe ya penseli, mwandiko wako: katikati ya mvua kubwa, mwaka niliozaliwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ubao hukaushwa wiki tatu kabla ya kuzibwa. Ukizibwa ungali na unyevu, utasinyaa baadaye na ufa utafunguka.

Naweza kuweka ubao mpya. Huu nitauchoma, na tarehe itakwenda nao. Mama hatajua. Niambie.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Barua yako haikupotea. Imekaa mfukoni mwangu miezi miwili mpaka mikunjo ikachanika.

Mama yako alitoka hospitali nawe mikononi, akataka kukupigia wimbo siku hiyo hiyo. Nikaziba ufa mvua ikinyesha. Sikusahau. Miaka sita nimekuacha ubebe kosa langu, na nilipoituma piano nilijua utaifikia tarehe ile. Ulimi wangu ulikuwa mzito.

Jana nilimsomea barua yako yote. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyani haoni kundule, mzee! Mwandikie mtoto, au nitaandika mimi kwa vidole hivi hivi."

Usibadilishe ubao. Ukaushe, uuzibe, uiache tarehe yangu, uandike yako chini yake. Wala piano isije peke yake.

Nimekosa, mwanangu.

Baba yako

27 Juni

Shikamoo Baba,

Ubao umekaushwa wiki tatu na siku moja. Hiyo moja nimekulipia wewe. Tarehe zote mbili zipo.

Jumamosi nitakuwa mlangoni na lori. Mwambie Mama apashe vidole joto.

Mwanao