Shimo Jeusi Limekaa Kati ya Mama na Mke Wangu

Mpendwa Bi Roswitha,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama anatimiza miaka sabini na mke wangu Silke ameapa hakanyagi sherehe, nasi sote tunakaa nyumba moja hapa Heidelberg, mama chini, sisi juu, kwa hiyo sina pa kukimbilia.

Ilianza tarehe 9 Septemba (naandika shajara, tarehe sizibahatishi). Mama alikuwa akikata keki ya plamu, akaniuliza, "Hivi huyu Silke wako anafanya kazi gani hasa, mbona kila siku anarudi kama katoka mgodini?" Mimi, kwa kujivuna, tena mdomo umejaa keki, nikasema, "Mama, mke wangu anatengeneza mashimo meusi, kama yale ya angani yanayomeza hata mwanga." Kesho yake mama akamhamisha ndege wake, chiriku, kwenda kwa dada yake mjini Ulm, kisha akaning'ang'ania ngazini: "Volkmar mwanangu, likianza kumeza litaanzia wapi, chini au juu?"

Basi nikamtuliza kwa kumweleza kama Silke alivyonieleza mimi, kwamba ni kiwingu cha atomi chembamba kuliko unywele, kimepoozwa karibu na mwisho wa baridi yote, kisha kule maabara wanakisukuma kwa mwanga wa leza mpaka upande mmoja kinakimbia kuliko sauti inavyosafiri ndani yake, hivyo sauti ikishaingia upande ule hairudi tena, na shimo lenyewe ndilo hilo, linameza sauti tu, makombo ya keki haliyawezi. Mama akashusha pumzi. Halafu akacheka. Jioni akaipeleka habari kwenye kwaya ya kanisa: "Jamani, mkwe wangu ana shimo la kumeza sauti! Gerlinde, twende ukaimbie mle, sisi tupumzike." Naye Gerlinde, kwa kulipiza, akamkabili Silke kwa mwoka mikate mbele ya watu: "Eti mwanangu, umesoma miaka yote ile kwa ajili ya shimo lisiloweza hata makombo?"

Silke alirudi amevimba. "Miaka sita, Volkmar! Miaka sita nanyemelea mnong'ono mmoja tu, unaovuja ukingoni mwa shimo, ambao kwenye mashimo ya angani ni hafifu mno hatuwezi kuusikia. Wewe umemwambia mama yako kwamba kazi yangu ni kichekesho?" Nikajitetea: kama ni jambo kubwa, si amwonyeshe mama walau picha moja? Hapo ndipo nilipobomoa kabisa. Picha moja, akasema, ni chengachenga tupu kama mchanga, haionyeshi kitu, tena kila wakipiga picha kile kiwingu kinakufa, wanaanza kingine, mpaka maelfu ya picha yawekwe pamoja ndipo mnong'ono ujitokeze, na mimi nimekaa naye miaka yote hiyo bila kusikiliza. Sasa analala chumba cha vitabu.

Nikisema shimo ni kubwa, mama anahama. Nikisema ni dogo, mke anahama. Niseme lina ukubwa gani?

Volkmar

*

Volkmar,

Usiseme lina ukubwa wowote. Nani kakuajiri kuwa msemaji wa shimo?

Pole, lakini. Mama chini, mke juu: wewe ni jibini katikati ya mkate, na jibini lenyewe limeanza kuyeyuka. Ila tusidanganyane. Kazi ya mkeo umeitumia mara mbili, kwanza kujitukuza, kisha kujinunulia amani, na mara zote mbili mwenyewe hakuwepo. Udogo wa shimo haumuudhi. Yeye ndiye aliyelipima! Kinachomuuma ni kuona mumewe analigawa kama keki.

Leo hii gonga mlango wa chumba cha vitabu, uombe radhi, na neno "lakini" uliache nje. Halafu nenda kwenye kwaya ile ile, mbele ya Gerlinde, useme ulichekesha watu kwa jambo usilolielewa. Kisha mwombe Silke, akipenda, ampeleke mama yako maabara yeye mwenyewe. Mwanamke aliyezoea kwaya anajua kazi ya kutafuta sauti moja hafifu katikati ya kelele. Wataelewana haraka kuliko unavyodhani. Wewe utabaki nje umeshika makoti, mdomo umefungwa. Na chiriku arudi nyumbani. Katika barua yako nzima ni yeye tu hajasema upuuzi.

Bahati yako umeoa mtu asiyeamini picha moja. Hii uliyompa juu yako mwenyewe ni mbaya. Anza leo kumpa nyingine.

Roswitha