Dawa ya Nyanya za Mama Restuta

Nasra, uko wapi? Restuta wetu leo kaumbuka mchana kweupe!

Si unajua ndiye aliyeandaa ule mkutano wa kilimo hai kule kwao Mvumi? Kasimama mbele ya wakulima, mgeni rasmi kaketi pembeni yake, anahubiri: "Sera mpya inataka samadi na chakula cha hapa hapa. Sumu za dukani sasa basi!" Makofi kama yote.

Ukafika muda wa maswali. Wa kwanza kunyoosha mkono? Mama yake mzazi!

"Mwanangu, ile dawa ya wadudu uliyoniletea Krismasi imeisha. Nyanya zinaliwa. Utaleta lini nyingine?"

ULIYONILETEA, Nasra! Mbele ya kipaza sauti!

Restuta akababaika: "Mama, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwenyewe unakuja?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mkutano ulipoisha, mgeni rasmi akamwita pembeni. Restuta anasema alienda akijua kazi ndiyo imeota mbawa.

Mzee wa watu akaangaza huku na huku, kisha akamnong'oneza: "Hiyo dawa inaitwaje, binti? Zabibu zangu zinateketea."