Chupa za Teresa mezani kwa Swaka

Poni, uko? Niko nje ya nyumba ya Swaka hapa mtaani Hai Jalaba, nina hasira.

Alituita mimi na Teresa chakula cha jioni tuonje bia. Si zile za kawaida. Bia nyeusi za viwanda vidogo, zilizolala miaka mitano mpaka ladha ikakomaa. Akatumiminia kidogo kidogo, akatufundisha kunusa kwanza. Teresa akaonja. Kisha akageuza chupa.

Poni, mwandiko kwenye lebo ulikuwa WAKE. "Kiden, ubatizo, 2013." Bia alizomwekea binti yake mpaka siku ya komunyo ya kwanza!

Unakumbuka vita vya 2016, Teresa alipokimbilia Arua, ng'ambo ya mpaka, akamwachia Swaka funguo za baa yake ya Buluk? Unakumbuka Swaka alivyompigia simu akilia, eti askari wamebeba kila kitu?

Kila kitu!

Teresa akamuuliza, "Swaka, askari ndio waliokuletea hizi?"

Akacheka. ALICHEKA, Poni. "Teresa, ni bia tu. Watu walikufa."

"Wangu walikufa," Teresa akasema. "Wewe ulikuwa unabeba kreti."

Hakuna aliyemeza tena. Ndipo Ketty, mke wa Swaka mwenyewe, akainuka. "Teresa, zingine ziko chini ya kitanda chetu. Na friji hiyo pia ni yako. Njoo tubebe."

Tumebeba sisi wanawake watatu, Swaka akitazama tu.

Friji imetushinda hapa mlangoni. Njoo na pikapu ya kaka yako, sasa hivi.