Goti Lililoombewa

Jumapili, 27 Novemba

Leo nimesimama mbele ya wanawake ishirini na wawili kwenye nyumba yetu ya sala, nikawasomea karatasi yangu. "Desemba ya Utulivu." Nimeichapa mwenyewe. Kulala saa nne usiku. Mwisho wa kahawa saa nane mchana. Kutembea nusu saa kila jioni mpaka gatini na kurudi, taa kichwani. Robo saa ya Neno kabla ya kushika simu. Na biskuti za Krismasi — aina moja tu! Si saba.

Walinitazama kama nimetangaza msiba. Hapa kwetu mwanamke asiye na aina saba kwenye makopo huonekana hana Krismasi, na pengine hana hata sabuni. Nikawaambia Mtoto Yesu hakuzaliwa kwenye bekari. Wakacheka. Oddlaug akawa wa kwanza kutia sahihi. Mwaka jana alianguka jikoni kwake siku mbili kabla ya mkesha, unga mikononi, akalazwa — moyo. Alinishika mkono: "Dada Bergljot, miaka yote nilikuwa nangoja mtu aniambie naruhusiwa."

Nimejisikia vizuri. Vizuri kupita kiasi, labda.

Alhamisi, 1 Desemba

Mume wangu Sverre kanitupia habari huku anamenya viazi: mama yake anakuja Krismasi. Wiki nzima. Gudveig! Miaka sita hajakanyaga hapa. Mara ya mwisho alifungua makopo yangu moja moja, akahesabu kwa kidole. "Tano. Haya, siku hizi watu wana shughuli." Mbele ya wageni!

Nimesali. Nimevuta pumzi kumi za taratibu, kama nilivyowafundisha wenzangu. Ya kumi na moja niliitumia kumuuliza Sverre kama siagi inatosha.

Jumatatu, 5 Desemba

Nimefanya jambo la kijinga. Wakati pekee mtaa huu hauna macho ni wakati wa matembezi yetu, wanawake wote wako gatini. Kwa hiyo nikampigia Oddlaug: goti limekaza, tangulieni. Nikashusha mapazia, nikaoka. Trei mbili za biskuti za tangawizi, moja ya zile zinazookwa kwenye vikombe vya bati. Nilikuwa kama naiba kwenye jiko langu mwenyewe.

Zimetoka vizuri sana. Hilo ndilo linaloniudhi.

Alhamisi, 8 Desemba

Goti bado "linauma". Leo ilikuwa aina inayotaka ile poda ya kuumulia ambayo ikipata moto inanuka mkojo wa paka. Nilifungua madirisha yote, nje baridi ya kukata masikio. Oddlaug kapita akitoka matembezini, mashavu mekundu, theluji kwenye kofia. Kanusa.

"Mmefuga paka?"

Nikasema wa jirani. Jirani hana paka. Oddlaug akanipa chupa ya dawa ya kuchua, aliyoichemsha mwenyewe kwa ajili yangu. Kisha akachukua koleo, akasafisha theluji kuanzia ngazini hadi barabarani. Mwanamke mwenye moyo mbovu! Na mimi nimesimama dirishani, nachechemea kila anapoinua macho.

Sikumzuia. Ningemzuia ningelazimika kutoka, na mavazi yangu yalikuwa yamejaa unga.

Jumapili, 11 Desemba

Wameniombea goti.

Wamenikalisha kwenye kiti pale mbele, wakanizunguka. Oddlaug akashuka sakafuni, akalishika kwa mikono miwili. La kulia. Alhamisi nilichechemea la kushoto, nadhani — hata uongo wangu siujui vizuri. Akaomba huku machozi yanamtoka: "Bwana, mjakazi wako ametufundisha kupumzika, na yeye mwenyewe hana raha mwilini." Akaniuliza, unasikia joto? Nikasema nasikia. Nilisikia kweli. Uso mzima ulikuwa unawaka.

Ningesema pale pale. Nilifungua mdomo kabisa. Ikatoka "Amina".

Naona aibu. Nimerudi nyumbani na jioni hii hii — sitaki kuandika. Aina ya tano.

Ijumaa, 16 Desemba

Sita. Sipati usingizi, mimi wa saa nne! Kahawa nakunywa jioni, Neno nalisoma nikingoja trei iive, nikifika mwisho wa ukurasa sikumbuki hata mstari mmoja.

Oddlaug kapiga simu. Analala kama mtoto, presha imeshuka, daktari kampongeza. Ila binti yake, Solfrid, kamwambia wanakwenda Krismasi kwa wakwe. "Kwako watoto watakula nini, mama? Karatasi ya Bergljot?" Kamcheka kwenye simu.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamwambia Bergljot mwenyewe ana kopo moja tu, na hajafa!"

Anacheka, lakini sauti ilikuwa imekauka. Mkesha wa Krismasi peke yake, kwa kuniamini mimi. Nikamwalika hapo hapo, kabla sijafikiri. Halafu nikakaa chini jikoni, kwenye sakafu, mgongo kwenye mlango wa jiko lililokuwa linawaka.

Jumatano, 21 Desemba

Gudveig kafika. Hajavua koti, kaenda kwenye makopo. Saba. Kaonja ile nyembamba ya kukunja kama koni, kafumba macho.

"Mkamwana, hii imeshinda ya kwangu."

Miaka ishirini na tisa ya ndoa nimeingoja kauli hiyo. Nilifurahi kwa muda wa yeye kutafuna. Kisha nikamwomba, mama, siku ya mkesha tutoe kopo moja tu, kuna rafiki yangu anakuja, kakatazwa sukari. Akaniangalia. "Basi yeye asile."

Ijumaa, 23 Desemba

Nilitoka kwenda kumwambia Oddlaug. Kweli nilitoka! Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nimefika ngazini kwake, akafungua mlango, akaona nimepanda mlima wote ule kwa miguu yangu, akapiga makofi.

"Limepona! Bwana asifiwe!" Akampigia kelele jirani ng'ambo ya uzio, naye akapunga mkono kunipongeza.

Nimerudi bila kusema neno. Sasa mimi ni muujiza.

Jumamosi, 24 Desemba

Naandika chooni. Daftari nalificha humu, chini ya taulo. Nimefunga kitasa.

Tulikula vizuri, mbavu za kondoo zilikuwa laini, Oddlaug kavaa vazi lake la asili na vifungo vya fedha, anang'aa. Kanishukuru mara tatu mbele ya watu. Nikainuka kuleta kahawa na kopo langu moja. Kurudi nimemkuta Gudveig kapanga sahani saba katikati ya meza, kanyoosha mgongo kama bibi harusi.

Oddlaug akafurahi! "Mama, umezibeba zote hizi kutoka kwako, na safari yote ile?"

"Mimi? Mikono yake hiyo," Gudveig akasema. "Sverre kaniambia, kila jioni mkienda kutembea huko, yeye yuko hapa anaoka. Mchapakazi!"

Sverre akatazama sahani yake. Oddlaug alizipitia zote kwa macho, polepole, kisha akaniangalia mguuni. Mguuni tu. Nikasema samahani, naenda chooni.

Kagonga sasa hivi. Si kwa nguvu.

"Bergljot, sina hasira. Nataka kujua kitu kimoja tu, nikalale nacho. Nilipokuwa pale sakafuni nakuombea — lilikuwa linauma hata kidogo?"

Naona soksi zake za sufu kwenye upenyo chini ya mlango. Hajaondoka. Huko mezani Gudveig anauliza mbona kahawa inapoa, na mimi bado naandika, kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nifungue mlango nimjibu.