Goti la Baba Mkwe

Mpanda, Alhamisi, Machi 1996. Mvua tangu alfajiri. Nimechoka, na bado nacheka peke yangu jikoni.

Naanza na aibu yangu. Mimi, nesi wa chumba cha upasuaji, nimetibu goti zima la mtu kwa siku mbili.

Baba mkwe alishuka kwenye lori la Majimoto Jumatatu, mzee wa miaka sabini na kitu, anachechemea. Nilimwamkia kwa mbali kama inavyotupasa sisi Wasukuma, nikamuuliza kinachomuuma. Akatazama ukutani, akasema ni goti. Nikampa mume wangu dawa ya kuchua, akamchua, mzee akashukuru sana.

Jana asubuhi akaanza kutapika, na homa juu. Goti gani linatapisha?

Masanja, mume wangu, alikwenda kumsaidia kuoga, akarudi macho yamemtoka. "Mama Shija, goti la baba liko kinenani."

Ngiri. Tena ya miaka mingi, imevimba na inawaka moto. Adabu ilikuwa inamuua mzee wa watu, nami nikiwa ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Alikubali kupasuliwa kwa sharti moja: mkwe wake asimwone. La sivyo arudishwe Majimoto na uvimbe wake. Na nesi wa upasuaji aliyebaki kazini ni mimi tu. Mwenzangu yuko Kabungu, amejifungua.

Basi jana hiyo hiyo nikavaa kofia, gauni na maski, nikabaki macho matupu. Alichomwa ganzi ya mgongo, kwa hiyo alikuwa anasikia kila kitu. Sikufungua mdomo.

Daktari alipoifungua ngiri, alitegemea kukuta utumbo. Akakuta kidole tumbo, kimejipenyeza humo na kuanza kutunga usaha. Akasema kwa wazee ugonjwa huu una vituko, ila hiki hajapata kukiona, na kesho tungekuwa tumechelewa. Akaniuliza mbona leo nimekuwa bubu. Nikamkanyaga mguu.

Nilihesabu vitambaa mara tatu kabla hajashonwa. Nampenda yule mzee.

Leo jioni nilimpelekea uji wodini, na kitenge changu kiunoni, nikasimama karibu na mlango. Hakunitazama.

"Mama Shija, kule ndani kulikuwa na nesi bubu. Umfikishie asante yangu."

"Nitamfikishia, baba."

"Umwambie pia kwamba mwanangu alioa vizuri."

Kesho ni zamu yangu kumbadilishia bandeji. Nitavaa maski.